Taa ya injini imewaka tena: ninunue skana gani ya nyumbani?

Swali: Assalaam alaykum, fundi. Nina Toyota Fielder ya mwaka 2014, injini ya 1500, inayobeba wageni kati ya uwanja wa ndege wa Malindi, Gede na Watamu, na mara moja moja hufika Garsen. Dereva ni mpwa wangu. Mwezi uliopita taa ya injini, ile ya manjano, iliwaka. Fundi alichomeka mashine yake, akasema ni sensa ya oksijeni, nikanunua mpya na taa ikazimika. Siku ya nne ikawaka tena. Sasa nataka kuwa na skana yangu mwenyewe. Nimeonyeshwa tatu: kidude cha kuunganisha na simu kwa shilingi 1,200, kingine chenye kioo na waya wake kwa shilingi 6,500, na tableti ya shilingi 38,000. Ninunue ipi, na je, itanifaa kweli au nitakuwa nimetupa pesa?

Jibu: Waalaykumu salaam, dada yangu. Nunua ile ya kati, yenye kioo na waya wake, lakini kwa sharti moja: muuzaji akuonyeshe, kwenye gari lako na si kwenye picha ya boksi, kwamba inatoa data za injini papo hapo na kwamba inasoma kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea. Kama haina mambo hayo mawili, usiichukue hata ukipunguziwa nusu ya bei, kwa sababu itakayobaki nayo ni kazi ya kusoma namba na kuzifuta, na kazi hiyo ndiyo iliyokugharimu sensa mwezi uliopita.

Skana haisemi ni kifaa gani kimeharibika. Inasema tu ni jambo gani ambalo kompyuta ya injini imeliona haliko sawa, na inalisema kwa msimbo wa herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni ya injini na giaboksi, C ni ya breki na mambo ya chini ya gari, B ni ya bodi, na U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine ndani ya gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, maana ya msimbo huwa ni moja kwa watengenezaji wote. Ikiwa 1, msimbo ni wa mtengenezaji mwenyewe na lazima usomwe kwa maelezo ya kampuni yake. Hukuniandikia msimbo wa gari lako, nami nadhani hukupewa. Siku nyingine udai uandikiwe kwenye karatasi kabla mashine haijachomolewa, kwani ni haki yako kama ilivyo haki ya mgonjwa kuyaona majibu ya maabara yake.

Kwa kuwa sina msimbo wako, nitachukua P0171, ambao umewafanya watu wengi sana wanunue sensa za oksijeni bila haja. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko mafuta. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye bomba la moshi, inaonja kinachotoka, na inaiarifu kompyuta kwamba oksijeni imezidi. Kompyuta huongeza mafuta kidogo, kisha kidogo tena, na inapofika mwisho wa uwezo wake wa kuongeza ndipo inapowasha taa. Sasa, hewa iliyozidi inaweza kuwa imepenya kwenye mpira wa vakyumu, yaani bomba la mpira linalopitisha mvuto wa hewa wa injini, uliopasuka, au sensa ya kupima hewa inayoingia imechafuka na kutoa hesabu pungufu, au pampu ya mafuta imechoka, au kuna tundu kwenye bomba la moshi mbele ya sensa. Katika yote hayo sensa ya oksijeni imefanya kazi yake kwa uaminifu. Wazee wetu walisema mjumbe hauawi, lakini katika gereji zetu mjumbe ndiye anayeuawa kwanza.

Na kwa nini taa ilizimika kwa siku nne? Kwa sababu fundi aliifuta. Kufuta msimbo hufuta pia kumbukumbu yote iliyohusiana nao, na kompyuta huanza upya kujikagua mfumo mmoja baada ya mwingine. Hitilafu nyingi haziwashi taa mara ya kwanza zinapoonekana. Kompyuta husubiri izione tena katika safari ya pili inayofuatana na ile ya kwanza, na baadhi ya ukaguzi haufanyiki mpaka gari liende mwendo fulani kwa muda fulani likiwa na joto fulani. Kwa gari linalokwenda uwanja wa ndege na kurudi, siku nne ni muda wa kawaida kabisa. Kwa hiyo taa kuzimika baada ya mashine kuchomekwa si ushahidi kwamba gari limepona. Ushahidi ni taa kubaki imezimika baada ya vipimo vyote vya kujikagua kukamilika, na skana yoyote nzuri huvionyesha vipimo hivyo kimoja kimoja, kipi kimekamilika na kipi bado.

Jambo hili la vipimo, nikipita tu, litakufaa pia siku utakapokwenda Mombasa kununua gari jingine. Gari likiwa halina taa wala msimbo, lakini vipimo vyake vingi vinasema havijakamilika, basi ama betri ilitolewa hivi karibuni au kuna mtu aliyefuta kumbukumbu kabla hujafika. Omba uliendeshe vya kutosha kabla ya kutoa pesa.

Narudi kwenye data za papo hapo, kwa sababu hapo ndipo thamani ya skana ilipo, na ndipo ningependa uelewe kabla ya kingine chochote. Kwenye kioo utaona vifupisho STFT na LTFT. Hivyo ni viwango vya marekebisho ya mafuta: cha kwanza ni cha muda mfupi na hubadilika kila wakati, cha pili ni cha muda mrefu, yaani kile ambacho kompyuta imejifunza na kukizoea. Ujumlishe vyote viwili. Jumla ikiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, kwa kawaida injini haina malalamiko. Ikipanda kuelekea 20 au 25, kompyuta inamwaga mafuta ya ziada kufidia hewa isiyohesabiwa. Ikishuka chini ya sifuri kiasi kama hicho, inapunguza mafuta yaliyozidi.

Sasa fanya jaribio hili ambalo halihitaji fundi. Injini ikishapata joto, liache gari limesimama, injini ikinguruma taratibu, uandike ile jumla. Kisha mpwa wako akanyage mafuta taratibu mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na aishikilie hapo kwa nusu dakika, nawe uandike tena. Kama jumla ilikuwa kubwa gari likiwa limetulia, tuseme 22, halafu ikaanguka hadi 5 mizunguko ilipoongezeka, tafuta hewa inayopenya kwenye mipira ya vakyumu au gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa: tundu ni lilelile, lakini injini inapovuta hewa nyingi zaidi, hewa ya tundu huwa sehemu ndogo tu ya hewa yote. Kama mambo ni kinyume, jumla ni nzuri gari likitulia lakini inapanda kadiri injini inavyofanya kazi nzito, mathalani mnapoipita lori kwenye barabara ya Mombasa, basi shuku pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa ya kupima hewa. Hii ya mwisho huchafuka upesi kwa magari yanayopita barabara za vumbi kama za kuelekea Marafa, hasa chujio la hewa likiwa limechoka au halikukaa sawasawa kwenye boksi lake, na mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Huoshwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, bila kuguswa kwa kidole wala kitambaa.

Namba mbili tu, dakika tano, na tayari umejua uelekee upande gani. Mimi mwenyewe, miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii, niliwahi kubadilisha sensa kwa kufuata msimbo peke yake, na mteja akarudi wiki hiyohiyo na taa yake. Mpira wa vakyumu ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali usipoonekana bila kioo cha mkononi. Tangu siku hiyo sijanunua kifaa kwa neno la msimbo bila kutazama data kwanza.

Data hizohizo zina faida nyingine kwa gari lako hasa. Fielder nyingi za miaka hiyo hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu injini ikichemka, na kati ya hizo mbili dereva haambiwi lolote. Skana itakupa joto la maji kwa nyuzi. Safarini, injini iliyo sawa hukaa karibu na nyuzi 80 hadi 95, hupanda kidogo kwenye foleni, kisha feni huirudisha. Huku kwetu Pwani kuna desturi ya kuing'oa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kwa hoja kwamba joto letu ni kali, na magari mengi yanatembea bila kifaa hicho wala wenyewe hawajui. Ukiona joto halifiki 75 mnapokwenda mwendo wa 80 kwa saa, uliza kama thamostati ipo. Injini iliyokosa joto lake hupewa mafuta zaidi, na unyevu unabaki kwenye oili badala ya kuchemka na kutoka. Msimbo wa jambo hilo ni P0128, nao si mapambo. Thamostati irudishwe, na kama gari linachemka likiwa nayo, basi tatizo liko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji.

Sharti la pili nililokupa ni ile kumbukumbu ya wakati wa hitilafu. Wewe huendeshi gari hili. Linaondoka asubuhi na kurudi jioni, na anayelijua ni mpwa wako, ambaye pengine taa ilipowaka alikuwa anazungumza na wageni. Kompyuta, inapoandika msimbo, huhifadhi hali ya injini ya dakika ile: mwendo wa gari, mizunguko ya injini, joto la maji, uzito wa kazi, na marekebisho ya mafuta. Ndiye shahidi wako wa pekee. Ukikuta mwendo ni sifuri na maji yana nyuzi 35, utajua hitilafu ilitokea asubuhi injini inawashwa; ukikuta mwendo 95 na kazi nzito, ni habari nyingine kabisa. Shahidi huyu hupotea mara tu unapobonyeza kitufe cha kufuta, ndiyo maana nasisitiza kuandika kabla ya kufuta.

Kuhusu kama skana itazungumza na gari lako, ondoa wasiwasi, ingawa majirani zako wasichukulie kwamba lao litakuwa vivyo hivyo. Soketi ya matundu 16 iliyo chini ya usukani ilifanywa ya lazima pamoja na lugha yake ya pamoja, OBD2, kwa magari ya Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Japani ilichelewa, na sisi magari yetu mengi hutoka huko yakiwa yametumika. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani kabla ya takriban mwaka 2008 yana soketi ya umbo lilelile lakini kompyuta yake huzungumza lugha ya kampuni yake, kwa hiyo skana rahisi huandika tu kwamba imeshindwa kuunganika, na mwenye gari hudhani skana ni mbovu. Fielder ya 2014 haina tatizo hilo. Lakini skana ya lugha ya pamoja husoma injini, na haisomi taa ya ABS, yaani ya breki zinazozuia magurudumu yasijifunge, wala ya mifuko ya hewa. Kama moja ya taa hizo nayo imewaka, itabidi utafute skana inayoandika waziwazi kwamba inafungua mifumo hiyo kwa Toyota, na bei yake itapanda kupita hiyo ya 6,500.

Kidude cha shilingi 1,200 sikukidharau. Ndani yake huwa kuna nakala ya chipu iitwayo ELM327, iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada na kunakiliwa na watu wengi mno. Nakala nyingine hufanya kazi vizuri, nyingine hukatika katikati ya kusoma au hupunguziwa amri bila kuambiwa mnunuzi. Zipo hata zinazojitambulisha kuwa toleo 1.5, namba ambayo kampuni yenyewe haikuitoa. Vipo vidude vya kuunganisha na simu vilivyo bora, kama OBDLink au Vgate, na kwa mtu anayeendesha gari lake mwenyewe, mwenye simu ya Android na programu nzuri kama Torque au Car Scanner, ningemwambia achukue hicho na aridhike. Mwenye iPhone ahakikishe ni cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya kizazi kipya ya matumizi madogo ya umeme, kwa sababu vile vya Bluetooth ya zamani simu hiyo haivipokei. Kwako wewe kikwazo ni kingine: simu yako yenye programu inabaki nawe Malindi na gari liko Garsen. Skana yenye kioo chake hukaa kwenye kisanduku cha mbele, na mpwa wako ataweza kukusomea namba kwa simu akiwa kando ya barabara.

Tahadhari moja juu ya hivyo vidude: visiachwe vimechomekwa. Soketi ile hupata umeme wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni. Jamaa zetu wa Lamu wanaoacha magari Mokowe na kuvuka kwa boti kwa wiki nzima wanaweza kurudi wakakuta betri imekwisha.

Tableti ya 38,000 ni chombo cha gereji. Inaweza kuamrisha, yaani kuwasha feni au pampu kwa jaribio, na hufungua mifumo mingi, lakini kwa nyingi za aina hiyo masasisho hulipiwa upya baada ya mwaka mmoja au miwili. Kwa gari moja sioni sababu.

Ukienda dukani nenda na gari, mchana, na betri iwe nzima. Skana zenye jina, kama Launch na Autel za Shenzhen, huigwa pia, kwa hiyo usitosheke na nembo. Ichomeke, geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, isome msimbo. Kisha washa injini, fungua data, na utazame vitu vitatu: mizunguko ipande mguu unapokanyaga, joto la maji lipande polepole, na volti ziwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Kama namba zimeganda au zinachelewa sekunde nyingi, irudishe kwenye boksi. Volti zikiwa chini ya 13 injini ikinguruma, hilo lishughulikiwe kabla ya jambo lolote, kwa maana umeme dhaifu huzaa misimbo ya uongo. Na huku kwetu karibu na bahari, anza kwa kutazama vichwa vya betri na waya wa ethi unaofungwa kwenye bodi, kama chumvi haijavila.

Mpwa wako aelewe pia kwamba kuna taa zisizosubiri skana. Taa ya injini ikiwaka kwa kutulia, na gari linakwenda kama kawaida, anaweza kumaliza safari. Ikipepesa na injini ikawa inamisi, apunguze mwendo mara moja na asimame mahali pa salama, kwa sababu mafuta yasiyoungua yanaingia kwenye katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba lake, na kuichoma, nayo ni kifaa cha bei kubwa. Taa nyekundu ya oili au ya joto ni kuzima injini palepale, hata kama ni katikati ya daraja la Sabaki na wageni wana ndege ya kuwahi.

Kwa taa iliyowaka sasa, usimpe mtu yeyote ruhusa ya kufuta. Soma msimbo, andika na ile kumbukumbu yake yote, fanya jaribio la gari kutulia na la mizunguko 2,500, halafu mpelekee fundi karatasi hiyo kabla hajafungua boneti. Ukikuta msimbo ni P0420, unaohusu katalisti, usikubali kununua katalisti mpaka bomba la moshi likaguliwe kama linavuja na ile sensa mpya ikaguliwe kama ni ya aina inayostahili gari lako, kwa sababu ya mbele na ya nyuma hazibadilishani. Nitumie msimbo pamoja na zile namba mbili, nami nitakuambia pa kuanzia.